Mchanga kwenye Mlango wa Bi Roukia

Jumatatu, 7 Julai 1986
Nimechoka kabla sijaanza. Ndoa Jumamosi. Kwetu Wangazija nyumba ni ya mke, mume huingia kama mgeni. Na Bi Roukia, mama yake mchumba wangu Hasnati, kasema siingii nyumba ile aliyompa bintiye mtaani Mangarivotra mpaka mlango wake wa bati nimeutoa rangi kuukuu na kuupaka mpya. Kamardine, binamu yake Hasnati, aliyemposa kabla yangu akakataliwa, kajitolea kuukwangua kwa msasa. Thubutu! Nimeazima kompresa, mashine ya kung'oa rangi kwa kurusha mchanga kwa upepo, kwa kaka yangu Boinali, anayesafisha vyuma vya boti kisiwani Nosy Be. Kaniagiza: bati ni jembamba, presha isizidi baa tatu, na mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Wivu wa ndugu huo.

Jumanne, 8 Julai
Badala ya mchanga nimejaza pumba za mpunga. Ziko tele, na laini. Rangi haikutikisika. Kuku wa mtaa mzima walikuja kula, wakagoma kuondoka. Hasnati alicheka dirishani, kisha akaniuliza kama kweli nataka kumwoa. Imeniuma. Namtaka kuliko kitu chochote.

Jumatano, 9 Julai
Mchanga wa ufukweni Antsanitia. Mkavu, mkali, una kasoro gani? Kwa baa tatu rangi ilitoka kwa kusuasua. Nikapandisha hadi nane. Ikaruka yote. Mlango nao ukavimba kama andazi. Haufungi.

Alhamisi, 10 Julai
Chumvi kweli. Mlango umeamka mwekundu kwa kutu. Bi Roukia alisema kwa Kingazija kwamba bintiye haolewi katika nyumba isiyofungika, akarudia kwa Kimalagasi ili majirani nao wapate. Nikakaa chini kwenye pumba. Nilitaka kulia, sikuwa na nguvu.

Ijumaa, 11 Julai
Kamardine kauosha mlango kwa maji ya bomba, kaunyoosha kwa nyundo ya mpira, kaupiga msasa, kaupaka rangi. Unafunga. Nilimwambia kaniharibia kazi. Akasema hakufanya kwa ajili yangu.

Jumapili, 13 Julai
Nimeoa. Nimeingia. Hasnati kaniomba jambo moja tu: kompresa irudi Nosy Be. Nikakubali kwa moyo mweupe. Ila humu chumbani mna kitanda cha chuma cha marehemu bibi yake, anachokipenda mno, rangi juu ya rangi. Chuma kinene hicho, baa kumi kitazistahimili. Kesho asubuhi anakwenda kwa mama yake. Nataka nimfurahishe.