Nta ya Bibi Marieta na Ubongo wa Gari

Jumatatu, 7 Septemba 2009. Katesh.
Baba mdogo Joakimu amekwenda Babati kualika ndugu harusini. Ameniachia funguo za gari lake la mtumba niwe naliwasha asubuhi, maana Jumamosi ndilo litakalompeleka binti yake Loveness kanisani. Ameahidi kila kitu kikienda salama, chumba cha mbele kinachotazama barabara ni changu. Karakana! Vicent, fundi wa stendi, anatamba kwamba kontroli boksi, yaani ubongo wa gari, haifunguliwi hapa. Ikifa inapelekwa Arusha. Nimeifungua kwa kisu cha jikoni. Nikijua ilivyoundwa nitaunda zangu, Hanang nzima ije kwangu. Ndani, vidude vyote vimefunikwa na kitu kama gundi iliyokauka. Nimekwangua.

Jumanne, 8 Septemba.
Nimekwangua mno. Maandishi ya vidude yametoka pamoja na gundi. Nimechora hivyo hivyo: viboksi vitupu visivyo na majina. Mguu wa kidude kimoja umekatika.

Jumatano, 9 Septemba.
Mguu nimeuunga kwa solda ya kuazima. Nimerudisha vyote. Kimebaki kidude kimoja chenye mistari ya rangi. Labda kilikuwa cha ziada. Gari limewaka! Nimepiga magoti. Kisha upepo ukaja na vumbi lake, nikaikumbuka gundi. Ubongo uko uchi! Vicent akapita, akauliza kama injinia anahitaji msaada. Nikamjibu nafagia gari. Akatazama kisu, akaenda zake akicheka.

Alhamisi, 10 Septemba.
Nimepata! Bibi Marieta huziba nyufa za vibuyu vyake kwa nta ya nyuki. Kibuyu chake cha maziwa kimenizidi umri na hakivuji. Nimemwamkia vizuri, nikaomba nta. Akasema nisubiri aichemshe na kuichuja, bado ina asali. Nikasema nina haraka. Akauliza ni kibuyu gani hicho kisichoweza kungoja. Nikasema kikubwa. Akanipa hivyo hivyo, nimeiyeyusha na kuimimina yote juu ya ubongo.

Ijumaa, 11 Septemba.
Baba mdogo amerudi. Shikamoo imenitoka mara mbili. Amewasha gari, limewaka, akalizima. Akasema kumbe naaminika, akamwambia mama mdogo Efrazia aanze kutoa magunia ya mahindi chumba cha mbele. Kidude kile kiko mfukoni, kinanichoma kama kaa la moto.

Jumamosi, 12 Septemba.
Tulitoka nyumbani Jorodom jua likiwa kali. Loveness mbele na baba yake, mimi nyuma na mama mdogo. Injini ikapata moto. Loveness akasema kiatu chake kinanata. Nikamwambia siku ya harusi kila kitu hunata. Matone ya manjano yalikuwa yanashuka kutoka chini ya dashibodi hadi kwenye gauni jeupe. Vioo vilikuwa wazi. Karibu na soko akaingia nyuki wa kwanza. Wenzake hawakuchelewa. Gari likakohoa, likazimika lenyewe. Tukatawanyika! Wauza vitunguu walimshangilia bibi harusi kwa mbio zake. Mama mdogo alipiga kelele, nani ameweka mzinga ndani ya gari. Vicent ndiye aliyemfikisha Loveness kanisani kwa pikapu yake, bibi harusi uso umevimba na jicho moja limefumba. Bwana harusi, Tomaso, aliomba kwanza asikie sauti yake.

Baba mdogo, baada ya kuiona nta chini ya dashibodi, alitangaza mbele ya wageni kwamba nisiguse tena kitu chenye waya, hata tochi. Chumba cha mbele amempa Vicent.

Jumapili, 13 Septemba.
Nimefikiri misa nzima. Kosa nimeliona. Nta haina hatia, ni asali! Bibi amechuja nyingine, iko jikoni inaganda. Vicent yuko chumba cha mbele anapigilia rafu. Pikapu ameiacha uani, mlango haukufungwa. Nimechungulia chini ya dashibodi. Boksi yake ni kubwa kuliko ya baba mdogo, na gundi yake bado nzima.

Kisu nimeshakinoa.