Kiti cha Trekta na Marko Sura ya Kumi

Jumapili, 8 Septemba
Mzee Cleveland, dereva wetu wa trekta, amerudi kwetu Jamaika kupasuliwa ngiri. Kiti cha trekta kiko wazi. Bosi, Bwana Hoekstra, amesema tuchague dereva wenyewe, mwisho ni Jumapili ijayo, yeye hana nafasi ya kusikiliza kelele zetu. Zimebaki wiki sita za kuchuma tufaha. Wiki sita za ngazi, mfuko mzito kifuani, na magoti haya. Nikikikosa kiti hicho nitarudi nyumbani St. Elizabeth nimebebwa.

Tuko kumi na mmoja kambini. Wengi wanakitaka. Linval Pusey anakitaka zaidi, ila anajifanya mpole.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimemweleza Linval habari za goti langu, ili aone aibu. Akasema pole sana, kaka Barrington, halafu akauliza kama ni lile goti lililocheza dansi juzi Jumamosi. Wote wakacheka. Sikula chakula changu, kisha nikakila kwa hasira.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepata njia. Desturi yetu hapa kambini: Jumapili baada ya kula, kila mtu husoma mstari mmoja wa Injili, na lazima tuufuate bila ubishi mpaka Jumapili nyingine. Mwaka jana mmoja alisoma ule wa kutawadhana miguu, tukamfulia soksi wiki nzima. Nami nautafuta mstari wenye kiti. Shule niliacha darasa la sita lakini kiti nakijua nikikiona.

Nimekipata. Marko kumi, mstari wa thelathini na saba. Yakobo na Yohana wanamwomba Bwana wakae, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mitume wenyewe wameomba kukaa. Nimefunga kitabu papo hapo. Nilichokitaka nimekiona, ya nini kuendelea?

Ijumaa, 13 Septemba
Mvua. Nimeteleza kwenye ngazi mara mbili. Linval alikuwa kwenye ghala akijifunza kurudisha trekta nyuma, anatabasamu kama bwana harusi. Nimemchukia mpaka saa ya kulala.

Jumapili, 15 Septemba
Wiki mbaya kuliko zote za maisha yangu.

Nilisoma mstari wangu kwa sauti nzito. Nikakifunga kitabu. Nikasema basi, kiti ni changu, desturi ni desturi. Linval akaomba kitabu. Nikamwambia ni mstari mmoja tu kwa mtu. Akasema ndiyo, kaka, na yeye hajasoma wake bado, ila hao jamaa waliomba, je, walijibiwa nini? Wajinga wote wakataka kujua walijibiwa nini. Wakamruhusu asome mpaka mwisho wa habari.

Kumbe waliambiwa hawajui wanaloliomba. Kisha wale wanafunzi kumi wengine wakakasirika. Everald, ambaye ana miaka sitini na moja, akatuhesabu kwa kidole, akaniruka mimi. “Kumi,” akasema. “Na kukasirika tulishakasirika tangu Jumatatu.”

Halafu Linval akafika pale panaposema anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wengine. Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kitandani. Kwa desturi, mimi ndiye mpishi na mwosha vyombo wa watu kumi mpaka Jumapili.

Linval akasema hata yeye alikitaka kiti, kwa hiyo maneno yale yanamgusa naye. Apewe Everald, mwenye mgongo mbovu na ambaye hajaomba. Wakakubali. Mtu huyu hata kushindwa hataki nishindwe peke yangu.

Jumanne, 17 Septemba
Ngazi mchana, sufuria jioni. Everald amepita na trekta, akanipungia mkono kama askofu. Wamesema wali wangu una mawe. Nikawaambia watumishi wa Marko hawakupimwa kwa wali. Linval akasema nisome tena vizuri.

Alhamisi, 19 Septemba
Nimesoma tena, na kosa langu nimeliona. Nilichukua mstari wa katikati. Mstari wa katikati una majirani chini yake, na Linval anawaamsha.

Sasa ninao Mathayo sita, thelathini na nne: msisumbukie ya kesho. Kwa hiyo maharage ya kesho sikuyaloweka, na Jumapili nitausoma huo mbele yao wote. Ni wa mwisho kabisa katika sura, na katika Biblia yangu ni wa mwisho katika ukurasa. Chini yake ni peupe. Linval asome mpaka achoke.

Ukurasa unaofuata, inakoanzia sura ya saba, sijaufunua.