Mwanangu Ndiye Malaika

Jumanne, 6 Februari

Wilmer wangu ndiye Malaika! Malaika Mkuu mzima, mwenye mabawa na upanga, anayewatangulia mashetani wa kundi lao la ngoma Jumamosi kwenye kanivali ya Oruro! Haya. Nimeshalitoa. Sasa naweza kukaa.

Simu yake imekuja asubuhi kutoka Oruro anakosoma, nikiwa kibandani kwangu sokoni hapa Cochabamba, napanga nyuzi na vifungo. Wilmer hana maneno mengi, hilo kamrithi marehemu baba yake. Kasema tu kwamba kundi limempokea, na kwamba atakwenda mbele kabisa, yeye ndiye atakayewafungulia wenzake njia. Sasa nani anayewatangulia mashetani? Mimi wa kufundishwa? Nikapiga kigelegele mpaka muuza jibini wa jirani akaangusha kisu. Wilmer akaanza, lakini mama... Nikamwambia asimalize salio, nimeshaelewa. Nikakata.

Mtoto huyu mwaka juzi alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Madaktari wakawa wanatazama sakafu kila nikiwauliza. Nikamwahidi Bikira Maria wa Socavón, mwenye kanisa lake Oruro: mponye, naye atakuja Oruro kukuchezea miaka mitatu. Kapona. Huu ndio mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mabawa ni mapambo tu. Ninachotaka mimi ni kimoja: niwepo kanisani mwisho wa njia, pale wanapovua vinyago na kupiga magoti, nimwone uso.

Pesa sina. Akili ninayo, tena ya kugawa.

Alhamisi, 8 Februari

Alhamisi ya Makumadre, siku yetu wanawake. Soko zima karatasi za rangi, na wanaume wamekaa pembeni kwa adabu. Nikapanda juu ya kreti la soda nikatangaza habari za Malaika. Makofi! Kila mtu kapiga, isipokuwa wifi yangu Gumercinda.

Wifi ana duka lenye mlango wa kioo, basi hatupumui. Kanunua kiti cha Oruro. Kina namba, kina paa, kiko uwanjani kabisa karibu na kanisa. Na basi la viti vya kulala. Kaniuliza mbele za watu, na wewe wifi utakaa wapi, juu ya nguzo ya taa? Nikamjibu kwamba mama wa Malaika hakai, anapokelewa. Akasema kanisani siku hiyo wanaingia wachezaji tu, mlangoni kuna walinzi, labda nijigeuze moshi wa ubani. Wakacheka. Nikacheka kuwashinda.

Moyoni sikucheka. Walinzi sikuwahesabu.

Ijumaa, 9 Februari

Nimefika Oruro! Mpango wa kwanza umefaulu. Mzazi mwenzangu Zenón, aliyemsimamia Wilmer ubatizo, alikuwa analeta vitunguu kwa lori, nami nikapanda juu ya magunia. Bure! Baridi ya milimani ilinitafuna njia nzima, na sasa nanuka kiasi kwamba hata mbwa wananipisha. Lakini bure!

Mpango wa pili, nusu. Nilikusudia kulala chumbani kwa Wilmer. Mwenye nyumba wake, doña Fortunata, kakipangisha kwa Wafaransa. Wilmer kahamia ukumbi wa kundi, na simu kaizima. Nyumba imejaa hadi karo la kufulia, kuna mtu mzima amejikunja humo na blanketi lake. Mimi nimepewa jikoni, karibu na kuku, kwa sharti la kumenya viazi vya wageni wote. Hiyo nayo naiita bure.

Tukiwa tunamenya, nikamdokeza Fortunata kwamba mwanangu ndiye Malaika. Kisu chake kikasimama. Kauliza, Wilmer huyu huyu? Malaika? Akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Kumbe wivu umefika hata huku.

Jumamosi, 10 Februari

Siku yenyewe! Naandika miguu ikiwa kwenye beseni.

Mpango wa tatu, kiti. Nilivaa sketi yangu ya kijani yenye marinda, ile bora, na kofia niliyoolewa nayo. Nikachukua mto wangu niliotoka nao nyumbani, nikapanda jukwaani nikiita mto, mto laini! Muuzaji haulizwi tiketi. Akifika juu anakaa juu ya bidhaa yake, basi. Nani mwingine angelifikiria hilo? Bwana mmoja wa Santa Cruz akaununua. Kabla sijakataa, kashaukalia! Mlinzi akaja, akauliza sasa mama unauza nini. Nikatazama mikono yangu. Nikateremshwa, na jukwaa zima likanipulizia povu la makopo kunisindikiza. Kofia ya harusi ikawa keki.

Nikajibana chini kando ya kamba, karibu na mama anayeuza api, uji mtamu wa mahindi, wa moto. Kumbe ndipo mahali penyewe! Matarumbeta yakaanza kutetemesha vikombe vyake, mashetani wakajaa barabara nzima kwa pembe na vioo, na mbele yao Malaika. Mrefu! Kifua mbele, mabawa yanawaka, kinyago chenye mashavu ya waridi. Nikasema, chakula cha Oruro kimemfaa mwanangu, kaongezeka kichwa kizima. Nikaruka kamba. Nikaenda naye bega kwa bega: Wilmer, nyoosha mgongo! Wilmer, umekula? Nikamtia yai la kuchemsha mkononi, chini ya ngao. Akaendelea kurukaruka, yai kalishika vizuri. Malezi hayo.

Shida ilikuwa dubu. Kundi la mashetani haliendi bila dubu, mchekeshaji wa vazi la manyoya, anasukuma watu warudi nyuma na kuwatania. Huyu alining'ang'ania mimi peke yangu. Ananivuta sketi. Anajipigapiga kifuani, ananipungia makucha usoni. Nikamwambia niondokee, mnyama we, mwanangu yuko kazini. Akarudi. Nikamtandika kichwani kwa mfuko wa mahindi ya kuchemsha. Watu wakashangilia! Nikaongeza la pili, kwa kuwa waliomba.

Hivyo hivyo mpaka uwanjani. Pale nikamwona wifi Gumercinda kwenye kiti chake chenye paa, na mbele ya pua yake nguzo inayoshikilia paa hilo. Nikainua mkono nimpungie, ukadakwa na mlinzi. Wakawa wawili. Mama, toka barabarani, hapa ni wachezaji tu. Nikasema kwa sauti ya kufika kwenye lile paa kwamba mimi ni mama mzazi wa Malaika. Wakamuuliza Malaika mwenyewe. Akatikisa kichwa! Hanijui!

Kanisa naliona pale juu, mlango wazi, wachezaji wanaingia, na mimi navutwa kurudi nyuma. Mtoto niliyemwombea pumzi ananikana kwa kinyago cha mashavu ya waridi. Nilikuwa namtazama tu anavyokwenda.

Hapo dubu akaninyakua. Begani! Miguu juu, marinda yote hewani, dunia nzima kichwa chini. Dubu kubeba watu ni mchezo wake, kwa hiyo walinzi wakacheka na kupisha. Nikampiga ngumi za mgongo. Nikamwambia nishushe, shetani wa manyoya, nina mtoto kanisani! Kadiri nilivyopiga ndivyo bendi ilivyochangamka. Uwanja ukasimama wote. Tukapanda mteremko, walinzi wa mlangoni nao wakawa wanajifuta machozi ya kicheko, tukapita. Ndani!

Akanishusha sakafuni taratibu, kama mtu anayeshusha vyombo. Vinyago vikaanza kuvuliwa. Malaika akavua chake: bwana wa makamo, upara unang'aa, bado kalishika yai langu na hajui aliweke wapi. Kisha dubu akainua kichwa chake kwa mikono miwili. Nywele zimelowa, sikio moja jekundu kwa mahindi.

Wilmer.

Kaniuliza, mama, mbona unanipiga tu? Tangu kule chini nakuonyesha kwamba ni mimi.

Nikamshika mkono, ule wenye makucha, tukaenda kwa magoti hadi mbele ya Bikira. Alikuwa anahema baada ya njia yote ile na mzigo wangu juu, anahema kwa kifua kizima, hewa inaingia na kutoka bila kukwama popote. Nikawa nasikiliza hiyo tu. Nililia mpaka shali ikalowa. Hilo nimeliandika mara moja na silirudii.

Jumapili, 11 Februari

Tumo gazetini! Dubu na mimi! Uso wangu hauonekani, lakini marinda ya kijani yamechukua nusu ukurasa. Nimeyanunua matano.

Nimemkuta wifi kwenye api. Kiti chake kimemwonyesha nguzo mchana kutwa; alichobahatika kuona vizuri ni sketi yangu ikipita. Akaniuliza, na yule Malaika wako je, wifi? Nikamshangaa. Malaika? Malaika anatembea kwa madaha tu na upanga wa bati. Dubu ndiye anayefanya kazi! Dubu ndiye anayefungua njia! Nani alimwambia habari za Malaika? Akaninunulia kikombe. Wifi yangu! Nikanywa polepole ili kila mtu aone.

Wilmer kanikalisha chini baadaye. Kasema, mama, nakuomba, kabla hujawatangazia watu mambo yangu uwe unaniuliza kwanza. Kasema kwa upole, huku anajipapasa sikio. Nikamwapia mbele ya Fortunata na kuku wake. Kabisa. Nimekoma.

Jumanne, 13 Februari

Nyumbani Cochabamba. Zenón karudi na lori tupu, nikakaa mbele kama balozi.

Leo ni siku ya kumwagia ardhi bia na kupamba kila tunachomiliki. Nimekipamba kibanda kwa utepe, nikamwaga tone pembe zote nne, na watu wakanizunguka wanataka kusikia. Nikaonyesha gazeti. Nikaeleza namna mwanangu alivyonibeba kwa mkono mmoja. Muuza jibini akasema angetoa chochote amwone dubu huyo kwa macho yake. Wengine nao wakaitikia.

Mama gani angenyamaza hapo?

Basi anakuja. Atacheza uani kwangu, na vazi lote, na bendi nyuma yake, wapiga tarumbeta peke yao. Nikaongeza kwamba mwakani atakuwa Lusiferi mwenyewe, mkubwa wa mashetani wote, kundi limemsihi kwa machozi. Wilmer bado sijamwambia. Atafurahi. Ana mtihani sijui wa nini wiki hii, lakini mtihani haukimbii. Kichwa cha dubu ni mali ya kundi, na bendi sijaipata, ila siku ziko tele. Wifi Gumercinda kauliza viti vitatoka wapi, nikamwambia alete vya dukani kwake, akakubali! Soko zima nimelialika, na watoto wao, na wageni wa wageni wao. Waje mapema, waje na njaa.

Ni Jumapili hii.