Kuku wa Kamati ya Ufukara

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Busia, wa mjini na wa vijijini, kwamba wakili wa bure yupo. Mwenye shaka aje ofisini aone kiti chake. Sharti ni moja tu: mwombaji awe fukara aliyethibitishwa. Mimi, Nasrudin, ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Kuthibitisha Ufukara. Tangu tuanze kazi hatujampitisha mtu hata mmoja, jambo linaloonyesha jinsi wilaya ilivyoendelea.

Akaja Damalie, mjane wa Buhehe. Shemeji yake Oguttu alitaka kumnyang'anya shamba la marehemu. Alikuwa ameiambia mahakama kwamba Damalie ameolewa tena Kenya, na mji na shamba amevitupa. Kesi ilikuwa Alhamisi.

"Mzee, nikikosa wakili, nakwenda lala wapi na watoto?"

"Swali zuri, mama. Kamati italichunguza."

Tukaenda Buhehe na gari la serikali, mimi na wajumbe wangu. Tukamkuta anapalilia muhogo. Kwao mgeni haondoki na tumbo tupu, basi akamwita jogoo, na jogoo akaja mbio. Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, akanipa kisu nichinje mwenyewe. Nikachinja kwa moyo mweupe. Tukala na ugali wa wimbi, na firigisi nikapewa mimi, heshima ya mgeni mkubwa.

Tulipokwisha kunawa nikatoa uamuzi.

"Mama, ombi limekataliwa. Anayechinjia wageni jogoo si fukara."

"Mzee! Hiyo jogoo ilikuwa moja tu!"

"Ilikuwa. Kamati hupima hali ilivyokutwa."

Mjumbe wangu Justine aliinamisha kichwa kwa aibu, huku akichokonoa meno.

Alhamisi Damalie alisimama peke yake. Oguttu alikuwa na wakili wa kulipwa, tai imemkaba shingo. Damalie akaomba niitwe nitoe ushahidi. Nami, punguani, nilikuwa nimejiandalia hotuba.

"Mzee, ulifika kwangu?"

"Kamati ilifanya ziara rasmi."

"Kwangu ni wapi?"

"Buhehe. Kwenye shamba hilo hilo la kesi."

"Ulinikuta nafanya nini?"

"Unapalilia muhogo wako."

"Na jogoo ilikuwa ya nani?"

"Yako, mama. Ulimwita akaja. Wa jirani angekimbia."

Wakili wa Oguttu akaanza kukusanya makaratasi yake. Hakimu akaamua shamba ni la Damalie. Mama wa watu akalia pale pale. Wallahi, hata mimi machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Nilipogeuka niondoke, hakimu akanizuia.

"Mwenyekiti, una mshahara?"

"Ninao, mheshimiwa."

"Na ukala jogoo wa pekee wa mjane aliyekuja kwako kuomba msaada?"

"Na firigisi, mheshimiwa." Nilikuwa nimeapa kusema ukweli wote.

"Basi fukara wa wilaya hii mahakama imemwona."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Oguttu naye alicheka, mtu aliyetoka kushindwa!

Kamati yangu haipingani na mahakama. Hivyo nawatangazia kwa fahari kwamba fukara wa kwanza amethibitishwa, naye ni Mwenyekiti. Wakili wa bure nimepewa mimi. Ninamhitaji kweli, maana Damalie amenishtaki. Anataka jogoo wake.