Protas Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi

Nimejitoa! Miaka yote hii mimi na Godbless tumeimba kwenye harusi za Watanzania hapa London. Yeye mbele, mimi naitikia. Basi tena. Natoa albamu yangu mwenyewe, inaitwa Protas Peke Yake. Mke wangu Sesilia kauliza nani atapiga gitaa. Protas. Na kinanda? Protas. Kaenda zake kazini hospitali anacheka hadi chini ya ngazi.

Alhamisi, 6 Machi

Studio imepatikana: stoo ya Hemal, muuza vitambaa wa Tooting. Ati vitambaa vinameza mwangwi. Vimemeza na sauti yangu! Hemal, kwa adabu zake zote, akashauri niimbe kwa sauti ya chini kidogo. Mimi? Nikapanda juu ya majora nipate pumzi. Majora yakateleza. Ukelele niliopiga nikianguka ulikuwa sauti ya juu kabisa. Tumeuacha kwenye albamu.

Jumamosi, 15 Machi

Albamu iko mtandaoni tangu jana. Kimya. Godbless hajasema neno. Wivu! Binti yetu Beatha kasikiliza wimbo mmoja, kasema ni “interesting.” Nikafurahi. Sesilia akanieleza kwamba Mwingereza akisema hivyo ana maana hajapenda. Furaha ikaisha.

Jumapili, 16 Machi

Mpango! Redio yetu ya mtandaoni ina kipindi cha salamu. Nikajifungia bafuni, nikapiga simu kwa sauti ya bibi kizee, nikaomba wimbo wa yule kijana Protas mwenye kipaji. Mtangazaji akauliza jina langu. Sikujiandaa! Nikasema Pushpa, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Southall. Mambo yakawa yanakwenda vizuri, mara Sesilia akagonga mlango: “Protas! Toka humo, tunachelewa misa!”

Hewani. Waswahili wote wa London wamesikia.

Mtangazaji akasema, “Shikamoo, Bi Pushpa,” akashindwa kuendelea kwa kicheko. Wimbo hakuupiga.

Jumanne, 18 Machi

Godbless kapiga simu. Nilingoja kejeli. Kumbe kasikiliza albamu nzima. Nyimbo nyingi kasema zimemuumiza kichwa. Lakini ule wa mama yangu, niliouimba chini kwa sababu mbavu zilikuwa zinauma baada ya kuanguka, umemliza.

“Ndugu yangu,” akasema, “njoo Jumamosi kwenye harusi uuimbe hivyo hivyo. Safari hii mimi ndiye nitakayeitikia.”

Nilisingizia mtandao mbaya. Nikakata simu, nikaenda kunawa uso.

Jumapili, 23 Machi

Jana nilianza taratibu, chini. Ukumbi ukatulia. Bibi harusi akafuta macho. Godbless nyuma yangu anaitikia, laini kabisa. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu.

Nikawaza: kama chini wanalia, juu si watazimia?

Nikapanda.

Bibi harusi alicheka mpaka akaegemea keki. Godbless akaumalizia wimbo yeye, makofi akapata yeye. Baadaye akanishika bega, akasema wimbo ulikuwa mzuri sana, ningeuacha tu chini vile vile. Maskini, hajui muziki.

Kosa nimeligundua: dari. Dari la ukumbi ule liko chini mno kwa sauti yangu. Albamu ya pili nairekodi kanisani. Nimemwambia Sesilia kesho nakwenda kumwona padri. Kasema atatangulia yeye, ana mengi ya kumweleza padri kuhusu mimi.

Hatimaye ananiunga mkono!