Zamu ya Kuvuta

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu yaliyochanganyika na theluji, na upepo ulikuwa ukipindua miavuli ya watu. Hata hivyo Bwana Siegloch, Mwenyekiti wa Baraza la nyumba yetu ya ushirika hapa Stuttgart, alitoka hadi uani bila kofia, akapanda juu ya benchi lililo kando ya mapipa ya taka, akatangaza kwamba tatizo la moshi wa sigara limekwisha.

"Limekwisha wapi?" akauliza Bi Urania Tsakiri kutoka kwenye roshani yake ya ghorofa ya tatu, sigara mkononi.

"Limekwisha kiutaratibu," akajibu Mwenyekiti.

Mimi ndiye Katibu wa Baraza. Nilimshikia mwavuli, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kunijalia kuishi hadi kuiona siku hiyo.

Katika nyumba yetu kila jambo huendeshwa kwa zamu. Kuna kibao cha mbao kilichoandikwa KUFAGIA. Kikitundikwa mlangoni pako, juma hilo ngazi, ukumbi na njia ya mbele ni mali yako. Utafagia hata kama hakuna uchafu, kwa sababu uchafu si sharti la kufagia. Jumamosi mchana unakibeba mpaka mlango unaofuata. Ndoa zimevunjika humu ndani, watu wamezaliwa na wamekufa, lakini kibao hakijawahi kuchelewa.

Mwenyekiti alikuwa ametaka kupiga marufuku moshi moja kwa moja, roshani, ua, ngazi, kila mahali. Ofisi ya ushirika ilikataa. Ilisema asiyevuta ana haki yake na anayevuta ana haki yake, basi utafutwe mpango wa usawa. Tukaunda Kamati Ndogo ya Moshi. Ndani yake alikuwamo Mwenyekiti, nikawamo mimi, na kikawamo kiti kimoja cha wavutaji, ambacho kilibaki kitupu kwa kuwa hatukuwaalika.

Kamati ilitoa mpango ambao hadi leo nauona kuwa mzuri. Kitachongwa kibao cha pili, KUVUTA. Sigara itavutwa mahali pamoja tu, benchini uani, na nyumba moja tu kwa kila juma. Kwa ajili ya usawa, kibao kitapita milango yote kutoka chini hadi juu, mwenyeji awe anavuta au havuti. Na ili tusipoteze muda, tulichukua sheria ya kufagia yote kama ilivyo, tukabadilisha neno moja.

Sasa niseme habari ya Bi Urania. Alikuja kutoka Thesaloniki akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani mpaka alipostaafu, na muda wote huo ameishi chini ya Mwenyekiti. Alikwisha kupata maonyo mawili. La kwanza lilikuwa la moshi wake kupanda na kuingia katika shati jeupe la Mwenyekiti, shati ambalo lilikuwa likikauka bila kumkosea mtu. La pili lilikuwa la kucheka kwa sauti ngazini wakati wa mapumziko ya mchana. Mtu akipata la tatu, anahama. Mwenyekiti alikuwa na mpwa aliyetafuta nyumba, jambo lisilohusiana kabisa na taarifa hii, nami nalitaja kwa ajili ya ukamilifu.

Kibao kilianzia chini kabisa, kwa Bi Pfleiderer. Huyu ni mjane, tunasali pamoja katika kikundi cha Jumatano, na tumbaku hajawahi kuigusa. Nilimkuta benchini kwenye mvua, sigara ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota konokono.

"Bwana Katibu, hapa nafanya nini?"

"Unavuta, mama."

"Mimi?"

"Zamu ni yako. Sheria inasema mwenye kibao atavuta kila siku, na Jumamosi kwa ukamilifu zaidi, pamoja na ngazi."

"Pamoja na ngazi!"

"Kutoka chini hadi juu. Asiyetimiza anapewa onyo."

Akaitazama sigara, akatazama mbinguni. "Wakati wa kufagia, mgongo uliponikamata, niliruhusiwa kutafuta mbadala."

Nikasoma sheria tena. Alikuwa amesema kweli. Mbadala aliruhusiwa. Na katika nyumba nzima mtu aliyeijua kazi hiyo alikuwa mmoja tu.

Basi ndivyo Bi Urania alivyoshika zamu ya Bi Pfleiderer, na baadaye ya Bwana Kächele, na ya kila mlango uliofuata. Alivuta kihalali, kwa niaba ya watu wenye heshima zao. Walimlipa kwa saladi ya viazi, kwa keki za tufaha, kwa dengu na soseji. Na kwa kuwa si adabu kumwachia mtu chakula na kukimbia, walikaa naye kidogo, upande unakotoka upepo. Bwana Kächele na Bi Pfleiderer, ambao walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya baiskeli iliyoegeshwa vibaya, walianza tena kugombana, na kila mtu alifurahi.

Roshani zikawa safi. Shati la Mwenyekiti likakauka kwa amani. Aliiandikia ofisi ya ushirika kwamba mpango umefaulu, na kila Jumamosi alishuka uani kukagua benchi, akipitisha leso yake nyeupe na kutafuta jivu. Alipolipata, aliridhika.

Katikati ya Aprili nilimkuta Bi Urania benchini peke yake. Alikuwa amejikunyata kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Katibu, mwanangu, kaa," akasema. "Unajua kwa nini nilivuta miaka yote hii? Kwa sababu nilikatazwa. Daktari alinikataza, marehemu mume wangu alinikataza, binti yangu kule Athene kila Jumapili ananikataza kwa simu. Basi nikavuta. Sasa nyinyi mmenilazimisha. Asubuhi lazima, jioni lazima, Jumamosi na ngazi juu yake. Sigara imekuwa na ladha ya ofisi!"

"Pole, mama."

"Hii ndiyo ya mwisho."

"Lakini juma lijalo ni zamu yako mwenyewe."

"Basi nitakaa nayo nyumbani tuzungumze, mimi na zamu yangu."

Kusema kweli, nilifurahi kwa ajili ya mapafu yake na nikasikitika kwa ajili ya utaratibu. Usiku huo niliviombea vyote viwili.

Juma lake likaja, na hakuvuta hata mara moja. Jumamosi jua lilikuwa zuri, wakaaji wote walikuwa uani wakipanda maua kwenye masanduku. Mwenyekiti akashuka na leso yake. Akaipitisha juu ya benchi. Akaigeuza, akaipitisha tena, na chini ya benchi akaipitisha. Ilibaki nyeupe.

"Hakuna jivu," akasema.

"Hakuna," akasema Bi Urania. "Nimeacha."

"Umeacha? Kwa idhini ya nani?"

"Ya mapafu."

"Bi Tsakiri, ulikuwa na wajibu mbele ya nyumba hii." Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kiofisi. "Katibu, andika. Onyo la tatu, kwa kutovuta sigara. Atahama kabla ya mwisho wa Juni."

Bi Pfleiderer aliweka koleo lake chini. Bi Urania alijipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole.

"Stavros wangu alifia katika chumba kile," akasema. "Nikihama, akija kunitafuta ndotoni, nani atamwelekeza? Wewe? Hata barua hujawahi kumfikishia mtu." Kisha akauchukua mfuko wake uliokuwa chini, akatoa kibao, akampa Mwenyekiti mkononi. "Haya, bwana mkubwa. Ni Jumamosi mchana, na mlango unaofuata ni wako."

Mwenyekiti alikitazama kile kibao kana kwamba hakuwa amekichonga yeye.

Kutoka roshani ya juu, mke wake, Bi Roswitha, akainama. "Hartwig! Utaanza sasa au utakula kwanza?"

"Mimi sivuti!"

"Hata mimi," akasema Bi Urania.

"Nitatafuta mbadala. Bwana Kächele?"

"Mgongo, Mwenyekiti."

"Mgongo unahusiana nini na kuvuta?"

"Sijui. Ndio udhuru nilio nao tangu wakati wa kufagia, na ulikubaliwa."

"Bi Pfleiderer?"

"Mimi ni mtu wa sala, Bwana Siegloch. Ila nitakuombea, kila pumzi."

Akanigeukia. Nikamweleza kwamba Katibu hawezi kuwa mbadala wa Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye atakayeandika iwapo zamu imetimizwa.

"Hivi," akasema Bi Pfleiderer kwa upole, huku akitoa udongo kwenye kucha zake, "yule Mwenyekiti aliyekutangulia, Bwana Nägele, aliondolewa kwa kosa gani?"

Kila mtu alijua.

"Hakufagia Jumamosi moja," nikasema. "Siku ya mazishi ya mama yake. Kiongozi akikosa zamu, cheo kinamtoka papo hapo."

"Na nani alisimama hapa kudai kimtoke?"

Mwenyekiti alianza kukohoa kabla hata hajavuta.

Lakini lazima nimsifu, hakuwa mwoga. Bi Urania alimpa sigara moja iliyobaki, na Bwana Kächele, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona, akakimbilia kiberiti. Mwenyekiti aliiwasha upande usio wake, akaigeuza, akavuta. Uso ulikuwa mwekundu, ukawa mweupe, kisha ukashika rangi ya kabichi.

"Jumamosi kwa ukamilifu!" akapaza sauti Bi Roswitha kutoka juu. "Pamoja na ngazi!"

Alifika ngazi ya kwanza, akaketi.

"Katibu," akaninong'oneza, macho yamejaa machozi, "tunaifutaje sheria hii?"

"Kwa Mkutano Mkuu, Mwenyekiti. Oktoba."

"Oktoba! Hakuna njia nyingine?"

"Sheria haifutiki kabla ya hapo. Ila Mwenyekiti ana uwezo wa kutamka kwamba kosa fulani si kosa. Ukitamka kwamba kutovuta si kosa, cheo chako kitabaki. Lakini tamko ni la wote, haliwezi kukufaa wewe likamwacha Bi Tsakiri. Na lazima liwe kwa mdomo, mbele ya wakaaji, la sivyo ni kikohozi tu."

Alifikiri. Bi Urania alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, na nyuma yake nyumba nzima na makoleo yao.

"Kutovuta si kosa," akasema Mwenyekiti.

"Hatusikii huku nyuma!" akasema Bwana Kächele.

"Simama, mwanangu," akasema Bi Urania, akamshika kiwiko na kumwinua. "Ahadi haitolewi kwa makalio. Sema na yale maonyo mawili ya zamani. Sema na nyumba yangu."

Bwana Siegloch akasimama, akaizima sigara kwa uangalifu, akainua mkono wa kulia kama mtu aliye mahakamani.

"Mbele yenu nyote," akasema, na safari hii hata mapipa ya taka yalisikia, "naahidi kwamba maonyo yote ya Bi Urania Tsakiri nimeyafuta, kwamba atakaa katika nyumba yake mpaka atakapoichoka yeye, si mpaka nitakapomchoka mimi, na kwamba maadamu mimi ni Mwenyekiti, hakuna mtu humu ndani atakayeadhibiwa kwa kosa la kutovuta sigara."