Jemadari Asiyejua Kucheza

Wenzangu wa Marereni, leo uso sina pa kuuweka. Nasimulia mwenyewe kabla Karisa hajawafikia, maana yeye ndiye chanzo na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Mnajua mwanangu Katana anamposa Sidi. Wakwe walitaka beberu mmoja katika mahari, mzima, wa kuongoza kundi lao. Beberu ninaye: Jemadari. Tangu akiwa kitoto, jirani yangu Karisa aliniambia nimtenge na mbuzi wengine. "Wakicheza kupigana vichwa watamvunja pembe, na wakwe hawapokei mbuzi mwenye kilema." Nikamfunga nyuma ya jiko peke yake mwaka na nusu. Nikamlisha pumba na maganda ya muhogo (mimi nikila mchicha). Akanona. Pembe hizo, utadhani zimechongwa na fundi. Mbuzi wa Karisa mwenyewe kutwa wako juu ya makumbi ya nazi, wanagongana, wanaangushana, wanarudiana. Nikiwaona nasema, wahuni hawa.

Leo asubuhi wakwe wakaja: Mzee Kahindi, babake Sidi, na nyanyake Sidi, bibi kizee mwenye bakora. Shikamoo zikapita, nikawakalisha, kibuyu cha tembo la mnazi nikakiweka karibu. Nikamsifu Jemadari mpaka mate yakanikauka. Nikasema fisi akimwona anahamia Malindi. (Mdomo huu.)

"Mfungue tumwone akitembea," mzee akasema.

Nikamfungua, kamba nikaizungusha mkononi. Akatoka kifua mbele. Hapo kwenye makumbi kikashuka kitoto kimoja cha mbuzi wa Karisa, hata kunyonya hakijaacha. Kikasimama kwa miguu ya nyuma, kikainamisha kichwa. Kila mbuzi anajua maana yake: njoo tucheze. Jemadari wangu hajui. Yeye aliona kifo kimemjia.

Alilia kama mtu! Akanizunguka mara mbili, kamba ikanifunga magoti, nikaenda chini na kibuyu. Tembo lote likaishia kwenye suruali yangu ya Krismasi. Mimi niliyenusurika njaa ya mahindi ya manjano, niliyetoka mzima bwawa la chumvi lilipobomoka, nimeangushwa na mwoga niliyemlea mwenyewe. Kuinua macho, kichwa amekitia ndani ya leso ya yule bibi, matako nje, anatetemeka. Kile kitoto kinamgonga nyuma taratibu, kinamwomba mchezo.

Bibi akamtazama, akanitazama. "Baba Katana, huyu ni mahari au ni biharusi?"

Karisa, aliyekuwa akichungulia kutoka kwake, akashika ukuta kwa kicheko. Nikamuuliza mbona wake hakuwatenga. Akanijibu bila haya kwamba wake si wa mahari.

Nilidhani posa imekufa. Katana macho yamemjaa maji. Wakwe wakanong'onezana, kisha bibi akahukumu: mchumba hana kosa, mbuzi hana kosa, kosa ni la aliyemnyima utoto. Jemadari akalale na mbuzi wadogo wa Karisa. Siku atakayorudisha pigo la kichwa, hata moja, harusi itangazwe.

Mpaka jioni hii amejificha nyuma ya pipa, na Katana hanisemeshi. Kwa hiyo ukipita kwangu kesho ukanikuta nimepiga magoti, nimeinamisha kichwa mbele ya mbuzi, usicheke wala usiniite. Namwozesha mwanangu.